Kabla ya Kung'oa Dramu za Nyuma

Masika yakikolea, barabara za mitaani huko Mabwepande, Madale, Chamazi na Toangoma hujaa tope na madimbwi, na ndipo wenye Escudo, Jimny, Hilux na Land Cruiser mkonga wanapoanza kulalamikia breki. Pedali inashuka mpaka karibu na sakafu, gari linavuta upande mmoja, hendibreki haishiki kwenye mwinuko. Gereji nyingi zina jibu moja la haraka: toa dramu za nyuma, weka diski. Naona jibu hilo haliwafai wengi wanaopewa, na kazi hiyo ikifanywa nusunusu, gari lililokuwa na breki dhaifu linageuka kuwa gari la hatari. Wapo wachache inaowafaa, nao nitawafikia.

Sifa za diski ni za kweli, wala sina nia ya kuzipunguza. Aina hizi mbili ni za rika moja: Louis Renault alibuni breki yake ya dramu mwaka 1902, na mwaka huohuo Mwingereza Frederick Lanchester akapata hataza ya diski. Dramu ilitawala kwa nusu karne, hadi Jaguar iliposhinda mbio za Le Mans mwaka 1953 kwa magari yenye diski za Dunlop. Diski iko wazi, hivyo inapoa upesi, na maji yakiirukia hufutwa na pedi ndani ya mizunguko michache. Dramu imefungwa. Maji ya dimbwi yakishaingia hukaa humo pamoja na mchanga, na shuu zilizolowa huteleza badala ya kushika, mpaka dereva aende polepole akiwa amegusa pedali kwa muda ili zikauke kwa joto la msuguano. Mchanga ukibaki ndani, unasaga shuu na dramu yenyewe.

Hata hivyo, kabla ya kulipia chochote, mwenye gari ajue breki za nyuma zinabeba kazi kiasi gani. Gari likifunga breki, uzito huhamia mbele. Chukua gari la tani 2 lenye mita 2.7 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 70 kutoka ardhini, na uzito umegawanyika nusu kwa nusu likiwa limesimama. Likifunga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, takriban asilimia 71 ya uzito inaangukia magurudumu ya mbele na 29 tu ndiyo inabaki nyuma. Hapo breki za nyuma zinatakiwa kutoa nguvu ya kama kilo 470. Kwenye tope, ambako tairi linashika nusu tu ya linavyoshika kwenye lami, mgawanyo unakuwa 60 kwa 40, lakini kwa kuwa nguvu yote inayowezekana imepungua, nyuma inatakiwa kutoa kama kilo 320 tu. Tope halidai breki ya nyuma yenye nguvu zaidi. Dramu nzima yenye shuu nzuri inaweza kulifunga gurudumu lisizunguke, na gurudumu likishafungwa, kinacholisimamisha gari ni mshiko wa tairi. Diski haiongezi mshiko huo hata kidogo.

Basi kwa nini pedali inashuka? Mara nyingi ni kwa sababu dramu hazijarekebishwa. Shuu zinavyolika huzidi kuwa mbali na dramu, na lazima kitu kizisogeze. Kwenye Hilux na Land Cruiser nyingi kazi hiyo hufanywa na kirekebishi kinachosukumwa na hendibreki yenyewe: kila ukiivuta, shuu zinasogea kidogo. Dereva anayeegesha kwa kuweka gia tu, hendibreki asiiguse mwezi mzima, anakinyima kirekebishi nafasi ya kufanya kazi. Pengo linakua, na mafuta yanayosukumwa na pedali yanaishia kulijaza pengo hilo kabla shuu hazijagusa chochote. Ndiyo maana ukipiga pampu mara mbili breki inapanda. Mwenye gari anahitimisha kuwa dramu ni mfumo wa kizamani, kumbe zimeachwa bila matunzo.

Zifunguliwe, na mengi yataonekana. Dramu ya Toyota ina matundu mawili yenye uzi. Fundi akifunga humo bolti mbili za milimita 8, dramu inasukumwa taratibu mpaka inachomoka. Kinachokutwa ndani ya gari lililopita misimu miwili ya mvua bila kuguswa ni tope jekundu lililokauka kwenye kona zote, kirekebishi kilichoshikwa na kutu hakizunguki, na ukingo uliojichonga pale shuu zinapoishia. Ukiinua mpira wa wili silinda, inayosukuma shuu, kwa bisibisi, mafuta ya breki yanachuruzika. Wakati mwingine shuu za upande mmoja zimelowa oili ya difu kwa sababu sili ya ekseli imekufa, na hapo ndipo gari linapoanza kuvuta upande. Kila moja ya kasoro hizo ina tiba ya bei nafuu, na kipimo cha mwisho cha kulika kimechongwa kwenye dramu yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kukisia. Sili iliyokufa haitapona kwa kuletewa diski. Oili itaendelea kumwagika na kulowesha kilichopo. Na vumbi lililomo lisipulizwe kwa kompresa: shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi hilo huua mapafu. Lioshwe kwa maji na sabuni.

Anayeng'oa dramu anagusa mfumo mzima. Dramu ina msaada wake wa asili, kwani inapozunguka huiburuta shuu moja na kuikandamiza zaidi. Diski haina msaada huo, inategemea shinikizo la mafuta tu, ndiyo maana pistoni ya kalipa, inayobana pedi kwenye diski, ni kubwa zaidi kuliko ya wili silinda. Pistoni kubwa inadai mafuta mengi, na masta silinda iliyopimwa kwa ajili ya dramu huenda isiyatoe ya kutosha, pedali ikabaki chini kama mwanzo. Baadhi ya mifumo ya dramu ina vali ndogo inayobakiza shinikizo kidogo kwenye bomba. Ikisahauliwa humo, pedi zinagusa diski muda wote na kuungua. Kisha kuna vali ya kugawa nguvu, ile yenye fimbo iliyoshikamana na ekseli ya nyuma kwenye pikapu nyingi, inayopunguza breki ya nyuma gari likiwa tupu na kuiongeza likibeba mzigo. Kuifunga kwa waya au kuiondoa kabisa ni kosa ninaloliogopa kuliko yote, maana magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya ya mbele, yanapoteza uwezo wa kulizuia gari lisiende upande. Kwenye mteremko wenye kifusi kilicholowa, mkia unazunguka na dereva hana la kufanya. Afadhali dramu dhaifu.

Hendibreki nayo husahaulika. Land Rover za zamani zina hendibreki inayoshika shafti nyuma ya gia, kwa hiyo diski hazigusi sehemu hiyo. Kwenye Toyota na Suzuki nyingi hendibreki inavuta shuu zilezile za nyuma, na ukiziondoa inabidi upate kalipa yenye mkono wa hendibreki au diski yenye dramu ndogo katikati. Gari lisilo na hendibreki halifai kuwa barabarani.

Wanaotetea diski wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni joto. Anayeshuka mlima Kitonga au kutoka Lushoto kwenda Mombo na mzigo anajua kuwa dramu ikipata moto inatanuka na kujitenga na shuu. Hapo diski inashinda bila ubishi. Lakini joto kali zaidi liko mbele, na mara nyingi kinachoanza kushindwa ni mafuta. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 140, na hewa ya pwani yetu haikosi unyevu. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili na kushuka kwa gia nzito ni bei ndogo kuliko kalipa mbili. Hoja ya pili, kwamba magari ya kisasa yote yana diski nyuma, si kweli. Jimny ya 2018 ina dramu nyuma, Hilux nyingi za toleo la 2015 vilevile, na hata Volkswagen ID.4 ya umeme.

Diski zinamfaa anayevuta trela au kushuka milima na mzigo mara kwa mara, anayevuka maji karibu kila siku, na mwenye gari ambalo spea zake za dramu hazipatikani tena. Huyo achukue seti kamili kutoka toleo la gari lilelile lililotoka kiwandani na diski: habu, mabano, kalipa, masta silinda, vali na kebo za hendibreki. Mabano ya kuchomelea mtaani asiyakubali. Kazi ikiisha, ajaribu mahali pa wazi pasipo watu, gari likiwa tupu na kisha na mzigo, mtu wa pili akitazama magurudumu kutoka pembeni. Ya nyuma yakijifunga kwanza, gari lirudi kwa fundi. Kampuni ya bima nayo iarifiwe.

Wewe ambaye hayo hayakuhusu, mwambie fundi afungue dramu zote mbili ukiwa umesimama hapo, abadilishe kilichochoka, arekebishe shuu na kutoa upepo. Kisha vuta hendibreki kila unapoegesha.