Jina, Lugha na Mahali: Kupanga Metadata ya Maandiko ya Kitaaluma kwa XML

1. Utangulizi

Kitabu cha Yoshua (10:13) na Kitabu cha Pili cha Samweli (1:18) vinamwelekeza msomaji kwenye Kitabu cha Yashari. Bila shaka wasomaji wa kwanza walikifahamu, sisi hatunacho. Rejeo limehifadhiwa, lakini kitabu chenyewe kimepotea. Jambo hilo yafaa litufikirishe sisi tunaofundisha na kusoma katika vyuo vya theolojia. Wanafunzi wetu huandika tasnifu juu ya ndoa, mazishi, mila na uinjilisti katika sharika walikotoka. Baada ya mahafali nakala huwekwa maktabani, na mara nyingi huo ndio mwisho wa safari yake.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga metadata, yaani habari zinazolieleza andiko: ni la nani, linahusu nini, liliandikwa lini na kwa lugha gani, na linapatikana wapi. Mifano yangu mingi nitaitoa Babati, kwa sababu huko matatizo yote makuu ya kazi hii yanakutana mahali pamoja. Hoja yangu ni kwamba kazi hii haiwezi kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao. Kabla ya kuandika alama yoyote, ni lazima tuamue ni nani na ni nini tutakachokitambua kwa jina lake.

2. XML ni nini?

XML ni utaratibu wa kuandika habari kwa maandishi ya kawaida, kila habari ikiwa imezungukwa na alama ya kufungua na ya kufunga inayotaja ni habari ya aina gani. Utaratibu huu ulitokana na SGML, kiwango cha kimataifa cha mwaka 1986, nao ulipitishwa rasmi mwezi Februari 1998. Kwa kuwa ni maandishi matupu, faili yake husomeka hata pale programu iliyoiandika inapokuwa imekwisha kutoweka. Sivyo ilivyo kwa tasnifu nyingi zilizochapwa kwa kompyuta katika miaka ya 1990 na kuachwa ndani ya disketi.

Inafaa kukumbuka kwamba XML ina sarufi lakini haina msamiati. Haituambii kama tutumie neno «mwandishi» au «msimulizi». Hiyo ni kazi yetu. Hata hivyo hatuna haja ya kuanza mwanzo kabisa. Mwaka 1995, katika mji wa Dublin, Ohio, Marekani, ilianza kazi iliyozaa Dublin Core, orodha ya vipengele 15 kama kichwa, mtunzi, mada, tarehe, lugha na haki. Kwa makala za majarida upo mpango mpana zaidi, JATS, uliotokana na kazi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ya mwaka 2003 na kuwa kiwango cha taifa hilo mwaka 2012. Mwenye hekima huchukua kilichopo, kisha huongeza tu kile ambacho kwake kinakosekana.

3. Jina la mtu

Mipango mingi hudhani kwamba kila mtu ana jina lake na jina la ukoo. Kwetu mtu huandika kwa kawaida jina lake, la baba yake na la babu yake. Mwandishi mmoja akitumia majina mawili katika tasnifu na matatu katika makala, kompyuta itamhesabu kuwa watu wawili. Akiwa mchungaji, na baadaye akawa askofu, cheo kikiandikwa ndani ya jina atakuwa watu watatu.

JATS imetambua sehemu ya tatizo hili. Inaruhusu kutaja mtindo wa jina, na miongoni mwa mitindo yake umo wa Iceland, ambako jina la pili kwa kawaida hutokana na jina la baba wala si la ukoo. Mtindo huo uko karibu na wetu kuliko ule wa Ulaya ya Magharibi. Kwa hiyo tuandike jina zima kama mwenyewe alivyoliandika, tukitenga kipengele cha kupangia orodha na kingine cha cheo. Tena tumpe kila mtu namba isiyobadilika. ORCID, iliyoanza mwaka 2012, humpa mtafiti namba ya tarakimu 16. Jambo lenyewe si geni kwa msomaji wa Biblia: katika 2 Wathesalonike 3:17 mtume anataja salamu ya mkono wake mwenyewe kuwa alama katika kila waraka, ili kazi yake ijulikane kuwa ni yake.

4. Jina la lugha

Lugha ya Wagorwa wa Babati imeandikwa kwa majina ya Kigorowa, Kigorwa, Kigorwaa na Kifiome. Majirani zao Wairaqw huitwa pia Wambulu. Anayetafuta kwa jina moja hukosa yaliyoandikwa chini ya jina jingine. Kiwango cha ISO 639-3 kinazipa lugha hizi alama za herufi tatu: gow kwa Kigorwa, irk kwa Kiiraqw, lag kwa Kirangi. Metadata njema itaandika alama hiyo pamoja na jina ambalo mwandishi mwenyewe alilitumia. Vilevile itatenga mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara: lugha ambayo andiko limeandikwa, na lugha ambayo andiko linaihusu.

Kuna hata suala la herufi. Katika maandishi ya Kiiraqw mkwaju (/) ni herufi kamili inayowakilisha sauti ya koo. Kompyuta nyingi huutumia mkwaju kutenganisha majina ya makabrasha. Kwa sababu hiyo tusitoe kamwe jina la faili katika kichwa cha andiko.

5. Jina la mahali

Tuseme mchungaji aliye Maisaka anatafuta kila kilichoandikwa juu ya Babati. Wilaya ya Babati ilitengwa na ile ya Hanang mwaka 1985, na Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002 kutoka Mkoa wa Arusha. Basi tasnifu ya mwaka 1980 itataja Hanang, ya mwaka 1995 itataja Babati, Arusha, na ya mwaka 2010 itataja Babati, Manyara. Mahali ni palepale. Tuandike jina lililomo katika andiko bila kulisahihisha, na kando yake jina la sasa.

6. Aliyesimulia na aliyeandika

Hapa ndipo penye uzito zaidi. Mwanafunzi huketi na wazee, huwasikiliza siku nyingi, kisha tasnifu hutoka kwa jina lake pekee. Mpango wenye nafasi ya mtunzi mmoja tu hulihalalisha jambo hilo.

Mfano bora unatoka Babati penyewe. Mwanaisimu Andrew Harvey alikusanya rekodi za lugha na utamaduni wa Wagorwa, nazo zimehifadhiwa katika hazina ya ELAR, iliyokuwa SOAS, London, na ambayo mwaka 2021 ilihamia Berlin. Wataalamu wa hazina za lugha wamezoea kutofautisha wajibu wa kila aliyeshiriki. OLAC, jumuiya yao iliyoanzishwa mwaka 2000, hutumia XML inayojengwa juu ya Dublin Core na kuiongezea orodha ya wajibu: msemaji, mwimbaji, mfasiri, aliyerekodi na wengine. Sisi twaweza kuandika:

<mshiriki wajibu="msimulizi">…</mshiriki>
<mshiriki wajibu="mwandishi">…</mshiriki>

Lakini tusimtaje mzee kabla ya kumwuliza. Yako mambo ya toba, ugomvi wa ukoo au uponyaji ambayo msimulizi hangependa yajulikane kuwa yametoka kwake. Kwa hiyo kipengele cha ruhusa kiwe cha lazima, nacho kijazwe wakati wa utafiti.

7. Pa kuanzia

Chuo kinaweza kuanza bila gharama kubwa. Zichukuliwe tasnifu chache za zamani, zijazwe kwa mkono katika fomu ya karatasi, na ionekane ni habari gani inakosa nafasi. Vipengele vya lazima viwe vichache: namba, kichwa, mshiriki, mwaka, lugha, ruhusa, mahali nakala ilipo. Vingine viwe vya hiari, na mshiriki, lugha na mahali viruhusiwe kurudiwa. Namba ya andiko isitegemee rafu wala jina la chuo, maana vyote viwili hubadilika. Hatimaye kila kipengele kioanishwe na kile cha Dublin Core kinachofanana nacho, ili maktaba nyingine ziweze kukusanya rekodi zetu kwa itifaki ya OAI-PMH, iliyotolewa mwaka 2001.

8. Hitimisho

Rekodi iliyojazwa vizuri haiongezi neno hata moja katika tasnifu, wala haiboreshi theolojia yake. Inachofanya ni kumwezesha mtu asiyemjua mwandishi kumfikia, na kumwezesha mjukuu wa msimulizi kule Maisaka kujua kwamba maneno ya babu yake yamehifadhiwa, na yamehifadhiwa wapi. Tukiliacha jambo hili, rejeo litabaki katika tanbihi za wengine, kama lilivyobaki la Kitabu cha Yashari.