Wakapita, Kisha?

Muhula mmoja niliwaonyesha wanafunzi wangu "Manowari Potemkin", filamu bubu ya Sergei Eisenstein iliyotengenezwa mwaka wa 1925 kuadhimisha miaka 20 tangu mapinduzi ya 1905 nchini Urusi. Nia yangu ilikuwa kuwafunza jinsi masimulizi yanavyojengwa. Kumbe mwenye kufunzwa ningekuwa mimi.

Waliowahi kuitazama watakumbuka inavyokoma. Mabaharia wamekataa nyama yenye mabuu, wameasi na kuwaua maafisa wao. Sasa manowari nyingine za mfalme zinawakabili. Mizinga inaelekezwa. Kimya kinatanda. Kisha neno moja linaandikwa kwenye kiwambo: "Ndugu!" Hakuna anayefyatua mzinga. Potemkin inapita katikati, bendera nyekundu ikipepea, na omo yake inatujia hadi inajaza macho. Tamati.

Katika insha yake, mwanafunzi mmoja aliandika kwamba siku hiyo waasi walishinda. Nilishika kalamu nyekundu ili nimkosoe, nikasita. Amekosea wapi? Ni kweli mizinga haikulia. Hata manowari moja, Georgii Pobedonosets, iliwaunga mkono kwa muda mfupi. Eisenstein hakudanganya katika hilo, alinyamaza mapema.

Lugha yetu ina kiambishi -ka-, ambacho hufunga tendo moja kwa jingine. Filamu ilikomea kwenye "wakapita". Historia haikukomea hapo: wakapungukiwa na makaa ya mawe na maji, wakaenda Constanța nchini Romania, wakasalimu amri. Manowari ikarejeshwa kwa Warusi, ikabadilishwa jina. Afanasi Matyushenko, kiongozi wao ambaye filamu inamwacha hai, akatangatanga ughaibuni, akarudi kwao kwa siri mwaka wa 1907, akakamatwa, akanyongwa Sevastopol.

Yamkini msomaji atauliza: je, msanii hana uhuru wa kuchagua mwisho? Anao. Lakini tusisahau kwamba kufikia 1925 mapinduzi ya 1917 yalikwisha kufaulu, na watawala wapya walitaka mwaka wa 1905 usomeke kama ahadi iliyotimizwa. Kitanzi cha Matyushenko hakikuwa na nafasi katika sherehe hiyo. Mtu aliyekufa akiwa ameshindwa alifanywa mshindi, na kwa kufanywa hivyo akanyang'anywa kifo chake.

Walimu wenzangu, hatari haimo katika sanaa. Imo katika mazoea yetu ya kufunga kitabu pale mwandishi alipotia nukta, kana kwamba nukta ni ya Mungu. Kila anayesimulia, awe msanii, serikali au mzee wa kijiji, huchagua pa kunyamaza, na mara nyingi wanaozikwa katika kimya hicho ndio waliolipa gharama.

Sikuikata sentensi ya mwanafunzi wangu. Niliandika pambizoni: "Wakapita. Kisha?" Juma lililofuata aliirudisha insha ikiwa na aya moja zaidi. Ilianza kwa neno "wakapungukiwa".