LINDO HALIACHWI BILA KUKABIDHIWA

Askari wa zamu aliyechoka haondoki lindoni hivi hivi. Hungoja mwenzake afike, akamkabidhi funguo na daftari la matukio, ndipo akaenda kupumzika. Sheria hiyo, ndugu askari na polisi, yawahusu pia watungaji wa programu za kompyuta, hasa zile ziitwazo programu huria.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yako wazi, hata mtu yeyote aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia. Nyingi hutunzwa na watu wachache wanaojitolea. Siku watunzaji hao wakiacha kazi, programu haifi papo hapo. Huendelea kutumika, lakini kila ufa unaogunduliwa hubaki wazi, na mwizi wa siri hupenya hapo. Basi, ni lini yafaa kuistaafisha?

Shirika la Apache Software Foundation la Marekani lina kipimo chake. Huko toleo jipya halitolewi pasipo kura tatu za wajumbe wa kamati ya mradi. Mradi unaposhindwa kupata hata watu watatu wa kupiga kura, hiyo ni dalili kwamba wakati wake umekwisha. Huhamishiwa mahali paitwapo Attic, palipoanzishwa mwaka 2008. Maandishi yake hubaki yakisomeka, na kila ajaye huelezwa waziwazi kwamba mradi umestaafu.

Programu nyingine hustaafishwa kwa kuwa mrithi wake amekwisha kufika. Python, lugha ya kuandikia programu iliyoanzishwa na Guido van Rossum wa Uholanzi, ilipata toleo la tatu mwezi Desemba 2008, nalo halikupatana kikamilifu na toleo la pili. Watunzaji walikusudia kuliacha la pili mwaka 2015. Walipoona kwamba watumiaji wengi hawajahama, mwaka 2014 waliongeza muda hadi 2020. Tarehe 1 Januari 2020 matunzo yakakoma, na mwezi Aprili likatolewa toleo la kuagana, 2.7.18. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuonywa.

Mambo yalikuwa kinyume kwa TrueCrypt, programu ya kufungia siri iliyotoka mwaka 2004, ambayo maandishi yake nayo yalikuwa wazi kusomwa. Tarehe 28 Mei 2014, watungaji wake, wasiojulikana kwa majina, walitangaza ghafla kwamba si salama, wakaacha kazi. Uvumi ukaenea kila upande. Uchunguzi uliomalizika Aprili 2015 haukuona dalili ya mlango wa siri uliowekwa kwa makusudi. Lakini kwa muda wa miezi kumi na zaidi watu wenye siri za kulinda walikuwa gizani. VeraCrypt, iliyotokana na maandishi yale yale, ndiyo iliyoendeleza kazi hiyo.

Nasi tulio watumiaji tuna wajibu wetu. Kompyuta ya kituo yaweza kuwa na programu iliyoachwa zamani, nayo ikifanya kazi kama kawaida. Yampasa mkuu wa kituo aulize: ni nani anayeitunza, na marekebisho yake ya mwisho yalitoka lini? Asipopata jibu, na ajue kwamba mlango huo hauna mlinzi.