WAKAGUZI WA SHULE: WANAKUJA KUFANYA NINI, NA RIPOTI INAENDA WAPI?



Leo tuongelee kitu ambacho wengi tumekiona shuleni lakini hatukuwahi kuelezwa: wakaguzi. Mimi nimesoma sekondari ya kata huku Kahama. Tulikuwa tunajua wanakuja kabla hawajafika, maana siku mbili nzima ni kufagia mpaka nyuma ya vyoo, na vitabu vilivyofungiwa stoo vinatoka. Wakishaondoka, vitabu vinarudi stoo na maisha yanaendelea. Ndiyo maana wengi tumemaliza form four tukidhani kazi yao ni kuangalia usafi na kuwatia walimu presha. Sio hivyo wadau.

NI AKINA NANI HAWA?

Sheria ya Elimu ya 1978 ndiyo inayotambua kazi ya kukagua shule. Zamani waliitwa wakaguzi, sasa hivi jina lao rasmi ni Wathibiti Ubora wa Shule. Wako chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, wana ofisi makao makuu, kwenye kanda na kwenye wilaya. Mitaani bado tunawaita wakaguzi, haina noma.

Ila lililobadilika sio jina tu. Mwaka 2008 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) aliufanyia tathmini mpango wenyewe wa kukagua sekondari, akiangalia hasa hisabati na sayansi. Yaani mkaguzi naye akakaguliwa! Moja ya kasoro zilizoonekana ni kwamba shule zinazofanya vibaya hazikupewa kipaumbele cha kutosha, na ufuatiliaji baada ya ukaguzi ulikuwa hafifu. Baadaye, 2017, ukaja mwongozo mpya unaosema mthibiti asiwe polisi wa kumvizia mwalimu, awe mtu wa kupima na kushauri.

WANAPIMA NINI?

Mambo sita, yashike kichwani:

1. Wanafunzi wanafikia kiwango gani
2. Ufundishaji na upimaji darasani
3. Mtaala unavyokidhi mahitaji ya mwanafunzi
4. Uongozi wa shule
5. Mazingira, yaani afya, usalama na ustawi wa wanafunzi
6. Ushiriki wa jamii

Mthibiti anakaa nyuma ya darasa kipindi kikiendelea, anaangalia andalio la somo na madaftari, anaongea na walimu, wanafunzi na wazazi. Anahesabu pia. Darasa la shule ya msingi linatakiwa liwe na wanafunzi 45, la sekondari 40. Choo tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Wewe mdau fikiria shule uliyosoma, halafu jijibu mwenyewe kimyakimya.

SI KUNA MATOKEO YA NECTA?

Kuna mtu atasema, mambo yote hayo ya nini wakati matokeo yako kwenye mtandao, unafungua tu unajua shule nzuri na mbaya. Hapo ndipo kwenye pointi, hasa kwa sisi wa ukanda wa dhahabu.

Matokeo yanamhesabu aliyekaa kwenye chumba cha mtihani. Yule aliyeacha shule darasa la tano akaenda maduarani, au anasukuma mawe kwenye makarasha, hayumo kwenye asilimia ya waliofaulu wala waliofeli. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Walikuta watoto wa hadi miaka minane wakifanya kazi migodini, wengine wakishika zebaki kwa mikono. Shule inaweza kupandisha ufaulu huku darasa linapukutika! Mtihani hautakwambia hilo. Mtu aliyefika shuleni, akafungua rejista ya mahudhurio na kuuliza waliokosekana wako wapi, ndiye anaweza kukwambia.

SASA TATIZO LIKO WAPI?

Hapa naomba msome taratibu maana ndio kiini cha mada yote.

Mthibiti ni mtu wa Wizara ya Elimu. Lakini shule zetu za serikali, za msingi na sekondari, zinaendeshwa na halmashauri, ambazo ziko chini ya TAMISEMI. Kwa hiyo mthibiti anaweza kuandika kwamba shule fulani haina mwalimu wa fizikia na vyoo vimejaa, lakini hana fungu la kujenga choo wala hawezi kumleta huyo mwalimu. Anashauri, na mwenye fungu ni mwingine. Daktari ameandika dawa, ufunguo wa duka la dawa uko kwa mtu mwingine.

Ripoti inaenda kwa mkuu wa shule na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kama hakuna anayeiulizia, inakaa kwenye faili. Sisemi walimu wakuu wote wanaficha, wengine wanapambana kweli na ruzuku yenyewe ndiyo hiyo: tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu ya hela hiyo ni ya vitabu. Huwezi kuchimba choo na hela hiyo bwana.

HELA IPO WAPI BASI?

Hapa kwetu ipo, mdau, chini ya miguu yetu. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanaitaka kampuni ya madini iandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii, na ukubaliane na halmashauri. Mwaka 2018 mgodi wa GGM na halmashauri za Geita walikubaliana mpango wa zaidi ya shilingi bilioni 9. Madarasa na zahanati zimejengwa kwa njia hiyo.

Swali langu ni moja: kinachopangwa kujengwa kinatokana na nini? Kama diwani wako anaingia kikaoni akiwa na ripoti ya uthibiti ubora mkononi, inayosema shule hii ina upungufu huu na huu, ni vigumu kumpiga chenga. Akiingia na maneno matupu, darasa litajengwa kwa mwenye sauti kubwa.

UFANYE NINI WEWE?

Mfumo mpya unataka kuwe na muhtasari wa matokeo ya tathmini kwa lugha nyepesi, ili wazazi na jamii wausome. Kwa hiyo usiogope kuuliza. Kama una mdogo wako shuleni, mwambie mzazi aulize kwenye mkutano wa wazazi: mara ya mwisho wathibiti walikuja lini, walishauri nini, kipi kimefanyika? Msingi kuna kamati ya shule, sekondari kuna bodi. Kuna pia afisa elimu kata, ambaye kutembelea shule ni sehemu ya kazi yake.

Wakikuzungusha, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Mwananchi anaandika barua kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Barua ya ukurasa mmoja tu, hapo kafe unachapa dakika kumi.

Hii ripoti imeandikwa kwa kodi zetu. Kuna mtoto Rwamgasa au Kakola ambaye kubaki kwake darasani kunategemea kama kuna mtu ataisoma na kuifuatilia. Dhahabu itaisha siku moja, Buzwagi pale Kahama uchimbaji umeshakoma na mgodi ukaanza kufungwa 2021. Mtoto aliyejua kusoma atabaki na elimu yake.

Naomba kuwasilisha wadau. Shule ya kwenu ripoti imewahi kusomwa mbele ya wazazi? Tuambie hapo chini, ila majina ya walimu tusitaje.