Tupige Picha Josho Kabla Halijaanguka

Ukitembea kutoka Litein kwenda Kapkatet, au ukishuka upande wa Sotik, hukosi kupita kitu kilichochakaa. Pengine ni josho ambalo kuta zake zimepasuka na mti umeota ndani ya shimo. Pengine ni kibanda cha kukusanyia maziwa kisicho na mlango, au kituo cha kununulia majani chai ambacho mabati yake yamekuwa mekundu kama udongo. Sisi hupita tu, na wengine huona hata aibu kutazama. Leo tunawaomba jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la ajabu: chukueni simu, mkavipige picha vitu hivyo vikiwa vibovu hivyo hivyo.

Kuna watu wa mijini na ng'ambo wanaopiga picha za kutu na magofu kwa sababu ya uzuri wake tu. Hatuwacheki. Bati lililoloa umande asubuhi lina rangi ambayo fundi wa rangi hawezi kuichanganya. Lakini sisi huku tuna sababu nyingine. Mali ya watu wote ikishachakaa, watu husahau ni ya nani.

Mnakumbuka jinsi majosho yalivyoachiwa wananchi wayaendeshe wenyewe, huduma za serikali zilipopungua miaka ya 1980 na 1990. Kamati nyingi zilishindwa na bei ya dawa, na majosho yakakauka. Maziwa nayo yalipata taabu yake: KCC ilianguka mwishoni mwa miaka ya 1990, ikafufuliwa 2003 kwa jina la New KCC, lakini si kila kibanda cha kijijini kilifufuka nayo. Basi ploti inabaki na gofu. Siku moja mtu anafika na nguzo na seng'enge. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003 na kutoa ripoti yake 2004, ilionyesha Wakenya wote jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mzee akisimama kwenye baraza aseme, "Hapa palikuwa na josho letu, tulichanga," ataulizwa ushahidi uko wapi, na gofu lenyewe litakuwa limeshavunjwa usiku.

Picha si hati ya shamba, tusidanganyane. Lakini picha yenye tarehe, ikiwekwa pamoja na kitabu cha mikutano, risiti za michango na majina ya kamati ya kwanza, ni vigumu kuipuuza kuliko maneno matupu.

Nguvu ya picha za zamani imeshaonekana hapa kwetu Kenya. Mwaka 1937 ofisa wa udongo alipiga picha za vilima vya Machakos vilivyoliwa na mmomonyoko. Watafiti walirudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakasimama pale pale, wakapiga tena. Palipokuwa pakavu palikuwa na matuta na miti, ingawa watu walikuwa wameongezeka sana. Bila zile picha za aibu za 1937 nani angeamini?

Na si majengo tu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Watalai Kericho na kuwapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilitoa uamuzi wake juu ya madai ya Wakipsigis na Watalai kuhusu dhuluma hizo za zamani. Wanaoweza kuonyesha kwa kidole boma la baba zao lilipokuwa ni wachache mno sasa. Ikiwa kogo au mzee wenu anajua jiwe, kaburi au mti wa zamani, mpigeni picha amesimama papo hapo, na andikeni maneno yake siku hiyo hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha. Futeni kioo chake kwanza, maana mikono yetu ina utomvu wa chai na mafuta. Nendeni asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu. Jua likitoka ubavuni kila ufa huweka kivuli chake na kuonekana. Saa sita ukuta wote huonekana sawa, na mchana mnajua wenyewe mvua ya Kericho. Picha ya kwanza ipigwe kwa mbali, pamoja na kitu kisichohama kama kilima, njia panda au mnara wa kanisa. Halafu zungukeni pande zote. Halafu sogeeni karibu, na mweke kiberiti au panga kando ya ufa ili atakayetazama ajue ukubwa. Maandishi yoyote kwenye saruji, hata yakiwa herufi mbili, yapigeni.

Kwenye mabati tazameni mashimo ya misumari, mahali bati linapolalia jingine, na ncha zilizokatwa. Bati hupakwa zinki kiwandani, na zinki ndiyo huliwa kwanza ili chuma kipone. Mkiona unga mweupe, zinki inaliwa. Mkiona wekundu, imekwisha hapo. Kikundi chenye picha za paa lake za kila mwaka kitajua wakati wa kupaka rangi kabla ya kulazimika kununua mabati mapya. Kwa ukuta, wekeni alama ya penseli pale ufa unapoishia na mwandike tarehe. Baada ya miezi sita rudini mpige tena. Ufa ukiwa umevuka alama, msiwaketishe watoto wa chekechea chini ya ukuta huo.

Tahadhari mbili tatu. Msiingie ndani ya jengo lililoinama. Paa la asbesto msilivunje wala kulikwangua, vumbi lake huharibu mapafu. Na josho la zamani si mahali pa kuchezea: kabla ya dawa za siku hizi zilitumika aseniki na toksafeni, na sumu hizo hukaa udongoni miaka mingi. Mboga zisipandwe hapo. Mashamba makubwa ya chai yana wenyewe, kwa hiyo ombeni ruhusa ofisini kabla ya kuinua simu.

Kila picha ipewe namba kwenye daftari: tarehe, nani alipiga, alisimama wapi akitazama wapi, na mzee gani alieleza nini. Simu huibwa na huanguka mtoni, kwa hiyo chagueni kumi nzuri mkazisafishe studio, nakala tatu tatu. Moja ikae kwa katibu, moja shuleni, moja ofisi ya parokia. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini bila kukandamiza, maana wino wa kalamu hupenya hadi mbele.