Mkataba wa Berlin, Reli na Chakula cha Vita

Istilahi "kutofungamana" na "kutoegemea upande" hutumiwa na wengi kana kwamba zina maana moja. Ya kwanza ni msimamo wa kisiasa. Ya pili ni hali ya kisheria wakati wa vita, yenye haki na wajibu wake. Mkataba wa Tano wa The Hague wa 1907, kwa mfano, unayakataza majeshi yanayopigana kupitisha askari au misafara ya silaha na mahitaji, chakula kikiwamo, katika nchi isiyoegemea upande.

Afrika Mashariki iliwahi kuahidiwa hali hiyo. Mkataba wa Berlin wa 26 Februari 1885 uliweka eneo la biashara huria kutoka bonde la Kongo hadi Bahari ya Hindi, na vifungu vya 10 na 11 viliruhusu eneo hilo kutengwa na vita. Tatizo limo katika neno "kuruhusu": ilibidi wapiganaji wenyewe wakubaliane. Kifungu cha 25 kilitaka hata reli zibaki wazi kwa biashara wakati wa vita, ila kwa bidhaa zilizohesabiwa kuwa magendo ya vita. Lakini reli zilizokusudiwa ni zile za kukwepa maporomoko ya Mto Kongo. Reli ya Uganda haikuwamo.

Agosti 1914, Gavana Schnee wa Dar es Salaam alipendelea amani, na mwenzake Belfield wa Nairobi hakuwa na hamu ya vita. Hata hivyo, tarehe 8 manowari ya Kiingereza iliipiga Dar es Salaam mizinga, na tarehe 15 Wajerumani waliteka Taveta, kisha wakawa wanailipua Reli ya Uganda. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga tawi kutoka Voi kuelekea mpakani, ili kupeleka askari na chakula.

Reli ilipokoma, mzigo ulihamia kichwani mwa mpagazi. Naye mpagazi hula: kadiri alivyokwenda mbali na behewa la mwisho, ndivyo unga ulivyoliwa njiani, na ndivyo jeshi lilivyohitaji wapagazi zaidi wa kuwalisha wapagazi. Mwaka 1917 wanaume wa Kenya walikusanywa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na lishe duni, ingawa kifungu cha 6 cha mkataba uleule kiliahidi kulinda uhai na ustawi wa wenyeji.

Mkazi wa Fedha anayekwenda sokoni Kariokor hulitaja jina lao bila kujua. Neno hilo, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, limetoholewa kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao.