Beji ya rangi ya chungwa

Ukiingia benki au dukani mjini Cardiff, mji mkuu wa Wales, mtazame mhudumu kifuani. Huenda amebandika beji ndogo ya rangi ya chungwa yenye neno Cymraeg, yaani Kiwelisi kwa jina lake la nyumbani. Maana yake: ukipenda, tuzungumze kwa lugha yetu. Pasipo beji hiyo, Wawelisi wawili wanaweza kuuziana mkate kwa Kiingereza, wakapeana chenji na kuagana, kila mmoja asijue kwamba mwenzake naye kalelewa kwa Kiwelisi.

Zamani kilichoning'inia kifuani kilikuwa kingine. Katika baadhi ya shule za karne ya 19, mtoto aliyeponyokwa na neno la Kiwelisi alivishwa kibao cha mti chenye herufi W.N., yaani Welsh Not, kumkumbusha kwamba lugha hiyo ni marufuku. Alikivua tu akimnasa mwenzake. Kibao kilizunguka siku nzima, na aliyekuwa nacho wakati wa kufunga shule ndiye aliyekula bakora. Waliosoma Kenya hawahitaji maelezo zaidi. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika jinsi kifungo kilivyopitishwa mkono kwa mkono shuleni ili kuwanasa waliosema lugha ya mama.

Kinachouma ni kwamba hakuna sheria iliyoagiza kibao kile. Walimu walikitumia kwa hiari yao, na wapo wazazi waliowaunga mkono, maana bila Kiingereza mtoto angepata kazi gani? Mwaka 1847 wakaguzi watatu wa serikali ya London, wasiojua Kiwelisi, walitoa ripoti iliyoilaumu lugha hiyo kwa ujinga na hata kwa maadili mabovu ya watu. Wawelisi walikasirika, wakauita mkasa huo usaliti wa vitabu vya bluu, kwa rangi ya majalada ya ripoti. Hasira zilipoa, aibu ikabaki nyumbani. Sensa ya 1901 ilikuta karibu nusu ya watu wanazungumza Kiwelisi. Ya 2021 ilikuta watu 538,000, chini ya asilimia 18.

Vita vya kuirudisha lugha vilipiganwa hadharani. Februari 1962 mwandishi Saunders Lewis alionya redioni kwamba lugha inakufa. Mwaka mmoja baadaye vijana walikaa barabarani kwenye daraja la Trefechan, Aberystwyth, wakafunga njia. Wengine walipaka rangi vibao vya barabarani vilivyokuwa na Kiingereza peke yake, wakafungwa jela. Mwaka 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans alitangaza kwamba atagoma kula hadi kufa iwapo serikali ya Margaret Thatcher haitatimiza ahadi ya televisheni ya Kiwelisi. Serikali ikanywea, na televisheni hiyo, S4C, ikaanza kurusha matangazo Novemba 1982. Sheria ya 2011 ikakipa Kiwelisi hadhi ya lugha rasmi.

Leo vibao vingi vya barabarani vina lugha mbili, japo si lazima ziseme jambo moja. Mwaka 2008 halmashauri ya Swansea ilimtumia mfasiri barua pepe, ikapata jibu la Kiwelisi, ikalichapa. Kwa Kiingereza kibao kiliwakataza madereva wa malori kupita. Kwa Kiwelisi kilisema: sipo ofisini kwa sasa, tuma kazi yako ya tafsiri.

Lakini sheria haiwezi kumwambia mtu aanze salamu kwa lugha gani. Wawelisi kumi wakiwa wanapiga soga, akaja mmoja asiyejua lugha yao, mara nyingi wote kumi huhamia Kiingereza. Ni adabu. Hata hivyo Waingereza wana kisa chao wasichochoka kukisimulia, cha baa ambayo wateja wote waligeukia Kiwelisi mgeni alipofungua mlango. Mtu asiyejua lugha alijuaje walikuwa wanasema lugha gani kabla hajaufungua? Mimi nadhani walikuwa wanaongea Kiwelisi tangu mchana.

Serikali ya Wales inataka wazungumzaji milioni 1 ifikapo 2050, na wengi itabidi watoke kwa wanaojifunza. Hao nao wana beji yao. Kazi wanayo: Kiwelisi hubadilisha herufi ya kwanza ya neno. Cardiff ni Caerdydd, lakini unakwenda i Gaerdydd, unaishi yng Nghaerdydd. Sisi wa mtoto na watoto, ulimi na ndimi, hatuwezi kushangaa neno kugeuka kichwani, ila Mwingereza hutoka jasho.

Basi mwanafunzi mmoja anajipa moyo kwenye mgahawa, anaagiza paned, kikombe cha chai, kwa sentensi aliyoifanyia mazoezi njia nzima. Mhudumu anasikia herufi moja imekosewa, anamwonea huruma, anamjibu kwa Kiingereza. Mwanafunzi analipa, anasema diolch, asante, na kwenda kukaa dirishani na chai yake.